Zamu ya Usiku, Ibra

Viatu ndivyo vinavyonisaliti.
Naweza kuvaa gauni la kazi nikajifanya naenda kuanika nguo,
naweza kuzibana funguo kiganjani zisilie,
lakini nikigusa tu vile viatu vyeupe vya mpira
Mofa hujilaza kizingitini, urefu wake wote,
na Bokoboko hubeba kimoja, siku zote cha kushoto,
akaenda kukaa nacho nyuma ya gunia la mchele
kama mdai aliyeshika rehani.

Niwaambie nini?
Kwamba magharibi imeshapita na joto bado ni arubaini,
kwamba maji nimeyajaza sufuria mbili,
kiyoyozi nimekiacha kinanguruma,
bili tutalia nayo mwisho wa mwezi?
Nawawashia redio. Mtu wa Maskati anasoma hali ya hewa
kwa sauti ya mtu asiyewahi kumfungia yeyote mlango.

Niliwaokota wadini, mwaka ule wa mafuriko,
ndani ya boksi la mabomba, macho hayajafunguka.
Nilisema nitawalea wiki moja.

Shangazi Salhiya alinipigia Ijumaa.
"Zuwena, nyumba yenye mbwa malaika hawaingii."
Nikamwambia, shangazi, siku hizi hata miye siingii,
nakesha hospitali.
Akacheka, halafu akakumbuka kwamba hataki kucheka,
akanihesabia upya: mara saba, na mojawapo kwa udongo.
Nanawa, shangazi.
Kunawa ndiyo kazi yangu.
Vifundo vya vidole vimenichanika kwa kunawa.

Kitanda cha tisa, Hamdun, mtu wa jangwa la upande wa Adam.
Figo zimechoka, na yeye amezichokea.
Ikifika saa tisa za usiku
mkono wake usio na sindano hushuka pembeni mwa kitanda
ukapapasa hewa, vidole vikikuna
kitu ambacho hakipo.
Lissy akasema, anaweweseka, andika.
Nikaandika: mgonjwa hana utulivu.
Nikaitazama ile kalamu.

Mkono ule naujua.
Umesimama kwenye kimo kilekile,
kimo cha kichwa cha mbwa aliyekaa,
na kidole cha kati kinatafuta pale nyuma ya sikio
ambapo Mofa akikunwa hufumba jicho moja.

Nikainama. "Anaitwa nani?"
Hakufumbua macho.
"Dhabia. Nilimfunga kamba siku tuliyohamia mjini.
Nani alimfungua?"

(Asubuhi mwanawe aliniambia:
baba hajafuga mbwa tangu nyumba ya matofali.
Mimi mwenyewe sikumkuta.)

Nani alimfungua.
Saa tisa za usiku, mashine zinahesabu matone,
na swali la miaka hamsini limenifikia mimi, mwenye zamu.
"Nilimfungua mimi," nikasema.
Mungu anisamehe, au aniandikie, sijui lipi.

Kisha nikavua sweta langu,
lile ninalopaswa kulifua kila nikitoka nyumbani,
lile ambalo Bokoboko hulilalia nikiwa naoga,
limejaa manyoya rangi ya mchanga.
Nikalikunja, nikaliweka chini ya mkono wake.
Vidole vikasita. Vikazama.
Akavuta pumzi moja ndefu kwa pua,
akalala hadi wakampitishia chai.

Hilo sikuliandika kwenye faili.

Nimerudi saa mbili kasoro, jua limeshakuwa kali ukutani.
Redio imehamia kwenye bei za samaki.
Viatu nimevivulia nje, vyote viwili.
Mofa ananizunguka, analia, ananilaumu, ananisamehe,
yote kwa mkia mmoja.
Bokoboko haruki.
Ananusa mkono wangu, anarudia kuunusa, taratibu,
kama mtu anayesoma barua aliyotumiwa jirani.

Halafu anakwenda zake kunywa maji.

Sweta nimelisahau kitanda cha tisa.
Jioni nitalifuata.